Moyo Uliosingiziwa

Waombolezaji walikuwa wameshavua kofia wakati maiti ilipokoroma.

Ilikuwa Jumanne, jua limeshapanda vizuri, kwenye karakana ya makochi nyuma ya soko la Kawangware. Osewe, fundi wa viti, alikuwa amelala chali juu ya rundo la sponji, mdomo wazi, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa ameanzisha wimbo wa msiba na wenzake wameshaupokea kwa sauti ya pili. Kisha marehemu akakoroma, koromo refu kama la trekta linalopanda mlima. Wimbo ukakatika. Mama wa ndizi alitimka akaacha kiatu kimoja, na mpaka leo anasema kiatu kilimponyoka tu.

Inspekta Kageha hakutimka. Alikuwa mama wa makamo, mzito kidogo, na alikuwa ameishi na mume mkoromaji tangu ujana wake, kwa hiyo aina zote za koromo alizijua. Alipiga goti kando ya Osewe, akamfinya sikio. Osewe hakutikisika.

"Huyu hajafa," alisema. "Lakini hili si koromo la usingizi. Kitheka, mshike miguu."

Sajenti Kitheka alimshika miguu huku akilalamika kuhusu mgongo wake. Wakamlaza Osewe nyuma ya gari la polisi juu ya sponji yake mwenyewe.

Kumbe kwenye umati kulikuwa na maiti nyingine inaandaliwa. Nicanor, kaka mkubwa wa Osewe, alikuwa amemkaba Makau shati, na vijana wawili walikuwa wameshaokota mawe, wanangoja tu mtu wa kuanza. Makau ndiye mwenye karakana. Osewe alifanya kazi naye, na kwa siku kadhaa sasa alikuwa akilala kwake. Nicanor alisema mambo yako wazi: mdogo wake alikula muthokoi wa Makau jana usiku, asubuhi akatapika, sasa amelala. Sumu hiyo. Mtu wa ziwani atapewaje mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tena bila samaki, na abaki salama?

Kageha alimtia Makau pingu. Nicanor akaridhika, mawe yakashuka. Makau mwenyewe alionekana kuridhika kuliko wote, maana ndani ya gari la polisi hakuna mawe.

Mahojiano yalianza gari likiwa bado linapiga honi kutoka sokoni.

"Jina."

"Makau. Lakini si unanijua, madam? Nilikutengenezea kochi, lile la Riruta."

"Linalia kama paka. Huyu amelala kwako tangu lini?"

"Kama wiki hivi."

"Ana nyumba hapo mtaa wa Kisumu Ndogo. Ana mke. Analala kwako kutafuta nini?"

"Nyumba iko na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mama mkwe wake. Ametoka Homa Bay kupimwa mgongo."

Kageha akaguna. Hakuhitaji maelezo zaidi. Nyumba ya Kisumu Ndogo ni chumba kimoja na pazia, na mwanamume wa ziwani mwenye adabu zake halali chumba kimoja na mama aliyemzaa mkewe. Hagusi kitanda chake, hamshiki mkono, na akimwona anakuja njiani anatafuta uchochoro. Hata kwao Kageha, Maragoli, mambo hayako mbali. Yeye mwenyewe alikuwa na mkwe aliyeoa binti yake wa kwanza, kijana mzuri sana, na walikuwa hawajawahi kusemezana moja kwa moja. Akitaka kumpa chumvi mezani, alimwambia binti: mwambie mume wako chumvi ndiyo hii. Na mume amekaa hapo hapo, anaiona.

"Jana alirudi kwako vipi?"

"Jioni, na hiyo kofia. Jua linachoma na yeye na sufu. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamuuliza umefanywa nini, akacheka peke yake. Ati amepokelewa vizuri nyumbani."

"Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Akala vijiko viwili tu vya muthokoi. Asubuhi akatapika. Nilijua ni maharagwe."

"Alipoanguka aligonga wapi?"

"Hakugonga, madam. Aliinama achukue sindano ya kushonea, akalala kwenye sponji polepole kama mtoto. Sasa mimi nikitaka kuua mtu, nitamwangusha kwa sponji?"

Sajenti Kitheka, aliyekuwa akiendesha, aliuliza kama muthokoi ulibaki. Alisema ni kwa ajili ya maabara. Kageha alimtazama kwenye kioo mpaka akaona haya.

Hospitalini walimpokea Osewe haraka, hilo Kageha alilikubali kabla hajaanza kuwalaumu. Muuguzi alimbandika nyaya kifuani, mashine ikatapika karatasi ndefu yenye miraba midogo, na juu yake wino ukapanda na kushuka. Bingwa wa moyo aliitazama karatasi ile mara moja, akasema ni mshtuko wa moyo, mshipa umeziba. Akaagiza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iandaliwe. Angekuja mwenyewe kumdunga akitoka wadi ya wanawake.

Basi, kesi ilikuwa imeisha. Moyo hauwekwi pingu. Kageha alikuwa ameshatoa ufunguo amfungue Makau, lakini daktari mdogo aliyesimama kando ya kitanda akamvuta mkono mpaka kwenye korido.

Aliitwa Daktari Mutheu. Alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alikuwa na ubishi ambao Kageha aliupenda papo hapo.

"Inspekta," alisema, "nadhani huu moyo unasingiziwa."

Akaitandaza karatasi ukutani, akaonyesha kwa kalamu. Kila pigo la moyo, alieleza, huandika kilima kidogo mwishoni. Vilima vya Osewe vilikuwa vimepinduka, vimekuwa mabonde mapana, ya kina, kila mahali. Mtu akiona mabonde husema moyo umekosa damu, na mara nyingi huwa kweli. Lakini mabonde haya yalikuwa mapana kupita kiasi. Tena mapigo yalikuwa ya polepole mno, huku presha ya damu imepanda. Daktari Mutheu alikuwa amefundishwa kwamba ubongo ukibanwa ndani ya fuvu, kwa damu iliyovuja au uvimbe, hupiga kelele. Kelele hizo hushuka kwa mishipa ya fahamu mpaka moyoni, na moyo huziandika kwenye karatasi kama zake.

"Kama jirani anayepiga mkewe," Kageha alisema, "halafu polisi wanabisha kwangu."

"Hivyo hivyo."

"Mkubwa wako umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema inawezekana, lakini tusiwinde pundamilia wakati ng'ombe wako mlangoni. Hapa juu ya sikio kuna uvimbe, ulikuwa umefichwa na kofia. Yeye anasema aliupata akianguka. Kama ni kuanguka, moyo ndio ulioanza na dawa itamwokoa. Kama aligongwa kabla, damu inajaa ndani ya fuvu, na dawa ya kuyeyusha damu..."

Hakumaliza. Kageha alimmalizia moyoni mwake: ni kufungulia bomba ndani ya nyumba iliyofurika.

"Shahidi wangu anasema alianguka kwenye sponji."

"Nilimwambia hilo pia. Akauliza shahidi wako kwa nini ana pingu."

Hapo bingwa alikuwa amemshika Kageha pabaya.

"Picha ya kichwa?"

"Mashine iko hospitali nyingine. Kumhamisha mgonjwa wa moyo kunaweza kumuua, hatanisainia bila sababu. Niletee mtu mmoja, Inspekta. Mtu aliyeona akigongwa kabla ya leo."

"Una muda gani?"

"Wa wadi moja ya wanawake. Nitasema narudia mchoro. Mashine yetu imezeeka, ukiibembeleza inachelewa."

Hapo ndipo Kageha alipojua kazi yake ya siku hiyo. Muuaji hakumhitaji. Alihitaji mtu wa kusema ukweli kabla mtu wa sindano hajafika, na katika kazi yake alikuwa ameona muuaji hupatikana upesi zaidi.

Alianza na mifuko ya Osewe. Alikuta futi ya kupimia, leso, na misumari mifupi yenye vichwa vipana na mpira mweusi chini ya kichwa. Akaipeleka kwa Makau.

"Hii mnatumia kwenye makochi?"

"Hiyo ni ya mabati, madam. Ukiiweka kwenye kochi mtu akikaa atakuja kukushtaki."

Kageha akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Fundi wa viti anabeba misumari ya mabati kwenda wapi?

Akoth, mke wa Osewe, alikuwa kwenye benchi la korido, bado ananukia omena, vidagaa vya ziwani, alizoziacha sokoni. Alikuwa amekumbatia bakuli la chakula kama mtoto mchanga. Alijibu maswali bila kuinua uso. Hapana, jana mumewe hakuja nyumbani. Yeye alishinda kwenye meza yake ya omena. Mama yake alibaki ndani, kila mchana huenda maombi ya akina mama, lakini jana mgongo ulimkataza. Hapana, mama hakusema ameona mtu. Leo hakuja naye hospitalini kwa sababu Inspekta anajua mwenyewe, mama hawezi kumwona mkwe wake amelazwa kitandani, kifua wazi.

Sajenti Kitheka alikuwa anatazama bakuli kwa huruma kubwa. Akauliza kama anaweza kusaidia kulishika. Akalifungua kidogo, akalifunga.

"Ni wali," alisema. "Umeungua na pia haujaiva. Sijawahi kuona."

"Mama ndiye alipika," Akoth alisema. "Sijui ana nini. Jana usiku tulikula mkate. Leo mchele. Tangu nizaliwe sijaona mama akipika mchele, anasema ni chakula cha wagonjwa na maharusi. Nikamwambia songa ugali basi, akasema mwiko umepotea."

"Umepotea ndani ya chumba kimoja?" Kageha aliuliza.

Akoth akainua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa hajalifikiria.

Kageha hakumwuliza lingine. Alimshika bega, akamrudishia bakuli, na kumshauri kwa upole asimpe mgonjwa.

Gari waliliacha barabarani, wakashuka Kisumu Ndogo kwa miguu, Kageha mbele na Kitheka nyuma akiomba radhi kwa kila kamba ya nguo iliyomvua kofia. Harufu ya omena zilizoanikwa iliwapokea kabla ya watu. Kageha hakwenda mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kinjia cha mtaro.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mabati yaliyooza kwa chini, yamekuwa kama kitambaa. Mahali pamoja, chini, usawa wa kitanda, palikuwa na bati jipya linalong'aa. Limepigwa misumari mitatu yenye mpira mweusi. Kona ya nne ilikuwa inaning'inia, na chini yake, kwenye tope, kulikuwa na nyundo.

"Mwizi," Kitheka alisema. "Jana alikata mabati, akasikia watu, akatoroka."

"Mwizi aliyekuja na bati lake jipya na misumari yake?"

Kitheka akafikiri.

"Huyo akija kwako," Kageha alisema, "mfungulie umpikie chai."

Aliinama, akachungulia kwenye tundu la kona ile. Aliona mguu wa kitanda, shuka la maua, na Biblia juu ya mto. Upepo wa mtaro ulikuwa unaingia kwenye tundu kama umealikwa. Mtu mwenye mgongo mbovu analala hapo, alifikiri, na hilo limemuuma mtu fulani. Akasimama, akajifuta magoti. Alikuwa ameshaiona kesi yote, na hakufurahi hata kidogo, maana kilichobaki ndicho kigumu.

Mama Eddah, mama mkwe, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, wima kama anapigwa picha. Alikuwa mwanamke mkubwa, mikono ya mtu aliyelima na kusonga sufuria za misibani maisha yake yote. Aliwakaribisha. Akauliza hali ya Osewe bila kulitaja jina lake: yule baba watoto ameamkaje?

"Hajaamka," Kageha alisema, akaketi.

"Akoth amepiga simu. Madaktari wamesema ni moyo."

"Wamesema."

"Wamepima na mashine. Mashine imeandika."

"Imeandika, mama. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mgongo."

"Ulisikia mtu nyuma?"

"Huku watu wako nyuma kila saa."

"Uliona mtu?"

"Sikuona."

"Mwiko uko wapi?"

Mama Eddah alitazama sufuria. Sufuria haikumsaidia.

"Umepotea," alisema.

Kageha alimwambia Kitheka atoke nje akalinde nyundo. Kitheka alisema nyundo haiwezi kukimbia, kisha akauona uso wa mkubwa wake, akatoka. Wanawake wawili wakabaki. Kageha akavua kofia ya serikali, akaiweka magotini. Alianza kueleza kuhusu mkwe wake yeye, yule wa chumvi. Siku moja kijana yule alikuja Riruta bila taarifa, akamkuta anaosha nywele uani, kitambaa kifuani tu. Kijana aligeuka mbio, akagonga tangi la maji, akavunja jino. Kwa mwaka mzima kila mtu aliambiwa jino lilivunjwa na muwa. Binti yake mpaka leo anaamini ni muwa.

Mdomo wa Mama Eddah ulitikisika kidogo pembeni, kisha ukakaza tena.

"Mama," Kageha alisema, "ile karatasi ya mashine imekutetea, nawe umekubali kutetewa. Lakini kuna daktari pale, msichana mdogo, anasema moyo wa huyu mtoto hauna kosa. Kichwa ndicho kinaumia, moyo unapiga mayowe kwa niaba yake. Na kuna daktari mwingine anakuja na sindano ya moyo. Akimdunga, na kumbe ni kichwa, damu haitasimama. Atakufa leo hii. Atakufa kwa dawa, na ni kunyamaza kwetu kutakakokuwa kumemuua."

Nje kuku alikuwa anaparua bati. Mama Eddah alisikiliza sauti ile mpaka ikaisha.

Kisha akainuka kwa shida, akaenda kitandani, akaingiza mkono chini ya godoro. Alitoa kitu kirefu kilichofungwa kwa leso kama mtoto. Akakiweka mikononi mwa Kageha. Ulikuwa mwiko wa mti mzito, mkubwa, ule wa kusongea ugali wa watu wengi. Kwenye ufa wa ubapa wake palikuwa pamenaswa nywele fupi nyeusi.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Joto. Nilikuwa na petikoti tu. Mlango nimefunga. Nikasikia bati linalia hapa, kando ya kichwa changu. Nikaona mkono, halafu kichwa kinaingia. Nikachukua mwiko, nikapiga. Nilipiga kama napiga nyoka."

"Halafu?"

"Halafu kichwa kikasema, samahani, mama."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikaijua sauti. Nikageukia ukutani. Ningemwangalia vipi? Yeye akatoka, nikasikia miguu inaenda. Alidhani niko kwenye maombi. Alikuwa ananizibia upepo. Niliambia Akoth usiku mmoja tu kwamba upepo unaniingia kiunoni. Mara moja tu nilisema."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kwamba amenikuta kitandani na petikoti? Kwamba nimempiga mkwe wangu kichwani na kitu cha chakula? Kwetu hiyo ni chira, madam. Laana inaingia nyumbani, inakula watoto. Wazee watakaa, watasema Akoth arudi nyumbani. Na watoto wanampenda baba yao. Hata mimi..." Akasafisha koo. "Nilijua yeye hatasema. Mimi sitasema. Tutazeeka hivyo, kila mtu na heshima yake. Mwiko sikuweza kuutia tena kwenye sufuria, nikaona nitapika mchele mpaka nirudi nyumbani. Leo Akoth akapiga simu, akasema ni moyo. Nikapiga magoti hapa. Nikamshukuru Mungu, unasikia? Nikamshukuru kwamba moyo wa mtoto wa wenyewe ndio umeharibika."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, uso wima vile vile.

Kageha alikuwa ameshampigia Daktari Mutheu simu. Ilipokelewa mara moja. Mkubwa amefika, Mutheu alisema kwa haraka, yuko kitandani, sindano iko mkononi. Kageha akamjibu aweke sauti ya juu, kisha akamsogezea Mama Eddah simu.

Mama Eddah aliitazama. Kukiri mbele ya mwanamke mwenzake, milango imefungwa, ni jambo moja. Hii ilikuwa ni kutangaza kwa wageni, wanaume wakiwemo, na Akoth korido ya pili. Akajifunga leso kichwani vizuri, kana kwamba wangemwona, akasema:

"Mimi ndiye mama mkwe. Nilimpiga kichwani, juu ya sikio, jana mchana. Kwa mwiko."

Sauti ya mwanamume ikauliza kwa mashaka: "Ulimpiga kwa nguvu kiasi gani?"

"Daktari," Mama Eddah alisema, "nimesonga ugali wa misiba tangu niolewe. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote."

Kageha alisikia kitu cha chuma kinawekwa kwenye sinia. Kisha sauti ile ile ya mwanamume, sasa bila mashaka, ikasema, "Iteni ambulensi. Picha ya kichwa. Mutheu, nenda naye."

Sajenti Kitheka, aliyekuwa amelinda nyundo kwa kusimama dirishani akisikiliza, aliingia kuchukua kielelezo. Mwiko ulizidi mfuko wa ushahidi. Aliubeba mpaka garini kichwa kikiwa nje, na Kisumu Ndogo yote ikamwuliza polisi wamealikwa wapi.

Picha ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, upande wa sikio lile. Walimtoboa Osewe tundu, wakaitoa. Daktari Mutheu alipomrudishia nyaya kifuani baadaye, mabonde yalikuwa yameanza kujaa, na baada ya siku kadhaa vilima vikasimama tena kila kimoja mahali pake. Bingwa wa moyo alizibandika karatasi zote mbili ukutani, ya awali na ya mwisho, na aliwaita wanafunzi wake waje waone. Alimwambia Mutheu ndiye aeleze.

Makau alifunguliwa pingu siku ile ile. Nicanor alimtafuta karakana kuomba msamaha, na kwa kuwa maneno hayakumtoka vizuri, aliomba sahani ya muthokoi, akaila yote mbele ya soko zima, mama wa ndizi akiwa shahidi. Akoth hakumwambia mama yake neno lolote. Alimnunulia mwiko mpya, akauweka mezani, akaenda kuuza omena.

Kageha alikwenda kuandika taarifa ya mwathiriwa mara tu aliporuhusiwa. Osewe alikuwa ameketi, kichwa kimefungwa bendeji kubwa kama kikapu. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nani alikupiga?"

"Hakuna mtu. Nilijigonga mlangoni."

"Mlango upi?"

"Wa Makau."

"Makau hana mlango, ana pazia."

Osewe akafikiri.

"Basi ni pazia," alisema.

Kageha aliandika hivyo hivyo: mwathiriwa anadai aligongwa na pazia, hana malalamiko. Akafunga kitabu chake. Mkuu wa kituo angeuliza, naye angemwambia aende akalikamate pazia.

"Kuna mtu nje," alisema. "Ameleta ugali na samaki. Hawezi kuingia."

Osewe alitazama dirishani. Nje, kwenye benchi la bustani, mwanamke mkubwa alikuwa ameketi amewapa mgongo, leso kichwani, bakuli mapajani. Mgongo wenyewe ulikuwa wima kabisa.

"Muulize," Osewe alisema polepole, kwa Kageha, lakini kwa sauti ya kufika nje, "amesonga na mwiko gani?"

"Mpya," Kageha alijibu. "Ule wa zamani ninao mimi."

Mgongo ulianza kutikisika. Kitheka, aliyesimama karibu nao, alidhani mama analia, akaanza kujipapasa mifukoni kutafuta kitambaa.

"Basi mwambie mama," Osewe alisema, "nikitoka hapa nitakuja kumalizia ile kona ya bati. Imebaki msumari mmoja tu."

Kageha aligeuka kuelekea dirishani afikishe ujumbe, kama adabu inavyotaka. Hakupata nafasi. Mama Eddah alikuwa amejibu tayari, uso bado uko kule kwenye maua.

"Mwambie apige hodi."